Aya ya Saba

Kwa miaka thelathini na moja kazi yangu ilikuwa kupeleka samansi. Kesi ikishafunguliwa, yule anayedaiwa lazima aambiwe, na mimi ndiye niliyekuwa miguu ya mahakama. Nimefukuzwa na mbwa, nimemwagiwa maji ya vyombo, nimeambiwa "hayupo" na mwenyewe akiwa amesimama mbele yangu na mswaki mdomoni. Sheria nilijifunza jioni, baada ya kazi, katika darasa la watu wazima lenye madawati ya watoto. Magoti yaligonga mbao, lakini cheti nilikipata, na kipo ukutani hadi leo. Nayasema haya ili ieleweke kwamba nilichokifanya sikukifanya kwa ujinga. Mjinga angemwita bintiye akamwambia, "Kuna karatasi yako hapa, sijui ni ya nini," na mambo yangekwenda vizuri.

Binti yangu alirudi kwangu na mtoto wake baada ya ndoa yake kuvunjwa. Mama yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo tulikuwa watatu nyumbani: yeye, mimi, na mjukuu wangu wa miaka sita ambaye sote tulimwita Chiriku, maana tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Nyumba yangu ni vyumba viwili na sebule. Binti yangu ni dobi wa hospitali; anafua na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa, wiki hii zamu ya asubuhi, wiki ijayo zamu ya mchana. Akiwa kazini, Chiriku alikuwa wangu. Nilimpeleka shule, nilimrudisha, nilimpakulia chakula, naye akanilipa kwa maneno.

"Babu, hiyo miwani ulizaliwa nayo?"

"Nilizaliwa nayo, ila ilikuwa ndogo."

"Basi imekua vibaya. Uji umeumwaga mezani."

Mkwe wangu wa zamani ni mpima ardhi. Sina tusi la kumtupia. Alipohamia mji mwingine akaoa tena, aliendelea kumchukua mtoto kila likizo kama walivyokubaliana mbele ya hakimu, na alimrudisha siku aliyosema. Watu wengi hudhani amri ya malezi ikishatoka imekwisha, kama mkataba wa nyumba. Sivyo. Mzazi yeyote anaweza kurudi mahakamani akaomba ibadilishwe iwapo hali imebadilika, na hapo hakimu hataki kujua nani alimkosea nani kwenye ndoa. Anatazama kitu kimoja tu, maslahi ya mtoto. Hayo niliyajua. Niliwaeleza watu kibao milangoni mwao, bure.

Siku moja mchana nikasikia hodi ninayoijua. Alikuwa mwanamke tuliyemwita Mama Hatua, kwa vile alitembea kama anayewahi mazishi. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi, na nilipostaafu alichukua njia zangu zote.

"Karibu, Mama Hatua. Umekuja kunisalimia au umepotea?"

"Shikamoo, Mwalimu. Leo nimekuja kikazi." Hakukaa. Bahasha ilikuwa kwapani. "Ni ya binti yako."

"Yuko zamu."

"Nikuachie wewe basi. Ni mtu mzima wa nyumba hii, kanuni inaruhusu."

"Inaruhusu pale mhusika asipopatikana. Huyu anapatikana. Nilikufundisha nini?"

Akaguna. "Usimwachie ndugu kile unachoweza kumpa mwenyewe."

"Haya basi."

"Mwalimu, kule kwa madobi mlinzi hapitishi mtu. Ananiambia nisubiri getini mpaka saa kumi na mbili, na mimi nina bahasha kumi na nne."

"Jaribu tena. Kwani hatua zimekwisha?"

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Alirudi baada ya wiki, binti yangu akiwa tena kazini, na safari hii hakucheka kabisa. "Mwalimu wangu, ipokee tu," alisema. "Ni habari za mtoto." Nikamjibu kwamba samansi ambayo haijafika ni karatasi tu, na kwamba hata angekuwa ananipelekea mimi mwenyewe nisingemsaidia kukosea.

Jioni ile binti yangu alirudi ananukia sabuni na mvuke, miguu imevimba. Alikaa kwenye kigoda na kuiingiza katika beseni la maji ya chumvi. Chiriku alimsimulia siku nzima bila kituo. Mimi nilikuwa na neno moja la kusema na sikulisema. Nilijiambia, ya nini kumpandisha mtu presha kwa kitu ambacho bado hakijafika?

Siku ya tatu niliporudi na Chiriku kutoka shuleni, jirani yangu Fundi Saa, anayetengeneza saa barazani kwake, aliniita tangu mbali: "Mzee! Mlango wako leo umevaa tai!"

Karatasi zilikuwa zimebandikwa mlangoni, kuanzia juu ya kitasa hadi usawa wa kifua. Mama Hatua alizibandika kama nilivyomfundisha: paka gundi karatasi nzima, usipake pembeni tu, upepo una mikono. Fundi Saa ndiye aliyesimama shahidi. Wanawake wawili waliokuwa wakipita walipunguza mwendo. Niliingia ndani, nikachukua kisu cha mezani, nikaanza kuzibandua harakaharaka na gundi ikiwa bado mbichi, bila kusoma hata mstari, nikizipanga moja juu ya nyingine.

"Babu, unauchuna mlango?"

"Nausafisha."

"Mbona umeuumiza?" Rangi ilikuwa imetoka mahali.

Nilijifungia chumbani na karatasi zangu. Nilizihesabu: nne. Samansi yenyewe, na kurasa tatu za maombi ya mkwe wangu. Aliomba mtoto ahamie kwake. Alieleza nyumba yake, uwanja wake, shule iliyo karibu, mkewe anayeshinda nyumbani. Hayo yote niliyasoma kama mtu anayesoma kesi ya watu wengine. Ndipo nikafika aya ya saba.

*Kwamba mama awapo kazini, mtoto huachwa mikononi mwa babu yake, mzee ambaye haoni vizuri na ambaye husahau, kiasi kwamba siku moja alisahau kabisa kumchukua mtoto shuleni, naye akakaa na mlinzi mpaka jioni.*

Nilivua miwani nikaifuta. Nikasoma tena.

Ilikuwa kweli. Miezi mitatu nyuma nilikuwa mezani na kitabu cha kanuni, nikitafuta jambo la kumbishia mtu aliyeniuliza swali sokoni, na nilipoinua kichwa kivuli cha dirisha kilikuwa kimeshafika ukutani. Nilikwenda mbio mpaka shule. Chiriku alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamweleza mlinzi jinsi twiga anavyokunywa maji. Njiani nilimwomba tusimwambie mama yake. "Ni siri yetu," nilisema. Alikubali, na kwa mama yake hakusema. Kwa baba yake sikumkataza.

Niseme basi nilivyofikiri, maana hapo ndipo kosa lilipo. Kubandika samansi mlangoni ni njia ya mwisho. Mpelekaji hawezi kujiamulia. Lazima arudi mahakamani, aombe ruhusa, na ruhusa iambatanishwe. Mimi sikuona ruhusa. Bila ruhusa mbandiko ni batili, na mbandiko ukiwa batili, zile siku ishirini na moja za kujibu hazijaanza kuhesabiwa. Kwa hiyo hapakuwa na haraka. Mama Hatua amekosea, nikasema moyoni, na nikikuta wakati mzuri nitamwonyesha alipokosea. Nilitia karatasi kwenye faili, nikaliweka chini ya godoro.

Hiyo ndiyo hoja ya kisheria. Nyuma yake palikuwa na jambo jingine, dogo na la aibu: sikutaka binti yangu aisome aya ya saba.

Siku zikapita. Mara mbili nilianza kuandika majibu, kwa mwandiko mzuri, nikimpinga mkwe wangu aya kwa aya, na mara zote mbili nilipofika ya saba kalamu ikasimama. Wahenga wanasema mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilikuwa na maradhi nikayaita utaratibu.

Walikuja Jumamosi asubuhi. Binti yangu alikuwa sebuleni anapiga pasi sare ya shule. Mkwe wangu alitangulia, nyuma yake ofisa wa ustawi wa jamii, nyuma kabisa Mama Hatua akitazama viatu vyake.

"Nimekuja kumchukua mtoto," mkwe wangu alisema. "Kwa amri."

"Amri ya nani?" binti yangu akauliza. "Likizo si mwezi ujao?"

"Ya mahakama. Kesi imesikilizwa wiki mbili zilizopita. Tulikusubiri hukutokea."

"Kesi gani?"

Mkwe wangu alimtazama akidhani anafanya mzaha. Alipoona si mzaha, akanigeukia mimi. Ofisa wa ustawi alimpa binti yangu karatasi. Aliisoma akiwa bado ameshika pasi, akaisoma mpaka mwisho, kisha akaiweka pasi chini taratibu. Unaposhindwa kujibu samansi, kesi haikusubiri. Inasikilizwa upande mmoja, hakimu anasikia sauti moja, na sauti moja haina wa kuipinga.

Chiriku alitoka chumbani akaona baba yake. "Mama! Likizo imewahi!" Akakimbia kutafuta viatu. Binti yangu alimfungia nguo, akamchana nywele, akamwambia asisahau kupiga mswaki. Sijui alizitoa wapi zile nguvu. Mtoto alipanda gari huku anaeleza kwamba babu ameuchuna mlango, na gari likaondoka.

Mama Hatua alibaki mlangoni. "Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "nilipata ruhusa. Niliibandika pamoja na zile nyingine."

"Haikuwepo."

"Zilikuwa karatasi tano."

Nililitoa faili. Binti yangu alilipokea bila kunitazama, akazipapasa karatasi moja moja kwa vidole vyake vya kazi, vidole vinavyojua shuka moja na mashuka mawili hata gizani. Kwenye karatasi ya tatu akasimama. Akachukua pasi, akaiinua juu kidogo ya karatasi ile, akaachia mvuke, akaichezesha kona kwa ukucha. Karatasi ikagawanyika mbili. Niliziweka moja juu ya nyingine gundi ikiwa mbichi, zikashikana, na siku zote zile sikuona.

Akasoma kwa sauti. Ruhusa ya kubandika. Muhuri. Tarehe. Chini yake, siku ya kusikilizwa. Kisha akasoma maombi yote, na alipofika aya ya saba sauti ikapotea, midomo ikaendelea peke yake.

"Baba. Ulikuwa unajua."

"Nilijua mbandiko ni batili, kwa sababu kanuni inasema—"

"Sikukuuliza kanuni."

Alichomoa waya wa pasi. Sare ya shule ilibaki mezani, upande mmoja umenyooka na upande mwingine una mikunjo.

Wakili wa msaada wa kisheria alikuwa na meza nyuma ya chumba cha mashine za kunakili, na kila alipotaka kusema jambo zito, mashine ilianza kupiga kelele. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa maneno.

"Hukumu ya upande mmoja hutenguliwa," alituambia. "Lakini hakimu atauliza, kwa nini hukuja? Ukisema hukujua, atauliza kwa nini hukujua wakati shahidi ameona hati mlangoni. Hapo tunahitaji mtu aape nani aliiondoa."

"Nitaapa mimi," nikasema.

"Subiri kwanza, mzee wangu. Sheria ni msumeno. Wewe ukiapa kwamba uliibandua, ukaificha, na ruhusa hukuiona kwa sababu ilikuwa imegandana, kesi itafunguliwa upya. Sina shaka. Ila kiapo hicho hicho, wakili wa upande wa pili atakisoma siku ya kesi kwa sauti kubwa. Mzee haoni vizuri. Mzee anasahau. Mzee anaficha mambo. Utakuwa umewathibitishia aya ya saba bila wao kuleta shahidi."

Mashine ilinakili karatasi za mtu mwingine kwa muda mrefu.

"Na nisipoapa?"

"Amri inabaki kama ilivyo."

Niliapa. Niliandika kiapo mwenyewe, kurasa mbili, bila neno la kujitetea, na wakili akabadilisha koma moja tu. Hakimu alitengua hukumu yake. Lakini alisema mtoto hawezi kurushwa huku na huku kama mpira; atabaki kwa baba yake mpaka kesi isikilizwe, baada ya miezi miwili. Nje, wakili alimshika binti yangu kiwiko. "Siku hiyo atataka kujua mtoto akirudi atakaa wapi, na nani, saa ngapi. Nyumba ikiwa ni ile ile na mtu ni yule yule…" Hakumalizia. Alikuwa na adabu.

Tulitembea mpaka kituoni.

"Siwezi kukuacha peke yako," binti yangu alisema mwishowe. Ilikuwa mara ya kwanza kusema nami sentensi nzima tangu ile Jumamosi.

"Mimi si mtoto."

"Ndiyo tatizo. Ungekuwa mtoto, ungekubali kuambiwa."

"Tafuta chumba karibu na hospitali," nikasema. "Mimi nina mlango wa kupaka rangi."

Alikipata. Kilikuwa chumba kimoja ghorofa ya pili, dirisha linalotazama kamba za kuanikia nguo. Mwenzake wa kazini, anayefanya zamu ya kinyume chake, alikuwa na watoto wawili na alikubali wapokezane: huyu yuko kazini, yule analea. Mpango mzuri. Nisingeupanga vizuri zaidi.

Jumapili kabla ya kesi alikuja kunifulia. Nilimwambia aache nguo akae. Niliisogeza meza, nikakaa upande mmoja, nikamkalisha yeye upande wa pili.

"Mimi ni wakili wa mumeo," nikasema. "Nakuuliza. Aya ya saba ya maombi unaikubali au unaikataa?"

"Baba, tuache."

"Hakuna baba mahakamani. Nijibu."

"Naikataa."

"Umeapa kusema kweli, na kiapo cha baba yako kiko kwenye faili. Nauliza tena."

Alitazama mikono yake. "Kwa kiasi fulani…"

"Hapana! Ukisema 'kwa kiasi fulani' watakuvuta kwa hicho kiasi mpaka jioni. Hakimu atakuona unamtetea mzee kuliko mtoto. Sema, 'Naikubali, na ndiyo sababu nimehama.' Rudia."

"Naikubali…" Akaanza kulia. Si kulia kwa sauti. Machozi tu, kama mtu aliyekata vitunguu.

"Tena."

"Wewe una roho gani?"

"Ya mpeleka samansi. Tena."

Tulirudia mara sita. Mara ya sita alisema bila kusita, na mimi nikasema vizuri, nikaenda uani kutazama kama maji ya kufulia yalikuwa bado ya moto.

Siku ya kesi nilikaa benchi la tatu. Chumba kile nilikijua. Nilikuwa nimepeleka hati zake kwa miaka, nilijua benchi gani lina msumari. Mkwe wangu alitoa ushahidi wake kwa utulivu. Wakili wake alisoma kiapo changu, maneno yangu mwenyewe, na niliona jinsi kilivyoandikwa vizuri. Kisha akamgeukia binti yangu.

"Aya ya saba unaikubali au unaikataa?"

"Naikubali, na ndiyo sababu nimehama."

"Yote?"

"Yote," binti yangu alisema. Hapo ndipo tulipokuwa tumeishia mezani. Lakini yeye hakuishia hapo. "Na haijasema yote. Mwanangu aliniambia kwa simu akiwa kwa baba yake. Walipokuwa wanavuka barabara kwenda shule, yeye ndiye aliyekuwa anamshika babu yake mkono. Babu alikuwa haoni magari ya upande wa kulia. Mtoto ndiye aliyekuwa anasema sasa, babu, au bado, babu. Hakuniambia zamani kwa sababu alidhani nitamgombeza babu. Ana miaka sita, Mheshimiwa. Sikujua. Ningejua ningeacha kazi."

Hakimu aliandika. Chumba kizima kilisikia kalamu.

Mimi nilikuwa nikidhani namvusha. Kila asubuhi, kwa mwaka mzima, nilinyoosha mkono pale ukingoni, na mkono mdogo ukaingia, na nikajisifu moyoni kwamba mtoto huyu anajisikia salama na mimi.

Amri ilisomwa baada ya wiki. Mtoto atarudi kwa mama yake. Baba atamchukua likizo zote na wiki moja ya kila mwisho wa muhula. Na kifungu cha mwisho: mtoto asiachwe wakati wowote chini ya uangalizi wa babu yake bila mtu mzima mwingine kuwepo. Hakimu aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Mzee, hii si adhabu kwako."

"Naelewa, Mheshimiwa."

Nilielewa. Kifungu kilikuwa kimeandikwa vizuri, hakina mwanya. Binti yangu alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, na wakili wake anampigapiga mgongoni. Alikuwa ameshinda.

Jumamosi iliyofuata Fundi Saa alinisaidia kupeleka kitanda cha Chiriku kwenye chumba kipya. Alikibeba kichwani peke yake akidai mimi nashika upande wa nyuma. Tulikifunga ukutani, chini ya dirisha, na alipokwisha kukaza skrubu akaaga. Alikuwa na saa ya mtu ya kutengeneza. Nikasimama na mimi.

"Kaa, Baba," binti yangu alisema. "Analetwa saa kumi. Amri haikukatazi kuwepo. Mimi nipo."

"Najua inachokataza."

"Basi kaa unywe chai."

Nilikaa. Saa kumi na robo tulimsikia ngazini kabla hatujamwona. Alikuwa amerefuka na ameng'oka jino. Alimrukia mama yake, wakakaa sakafuni wameshikana muda mrefu, yeye akiendelea kusema ndani ya nguo za mama yake ili asipoteze wakati. Alitusimulia shule ya kule, mbwa wa kule, jino lilivyotoka ndani ya mkate. Alikijaribu kitanda. Alihesabu nguo kwenye kamba za nje. Kisha akaja akasimama mbele yangu, akaniweka sawa miwani kwa vidole viwili.

"Babu, kuna duka pale chini. Nimeliona. Twende tukanunue maziwa, mimi na wewe."

Binti yangu alikuwa anamimina chai. Alisimama hivyo hivyo na birika mkononi. Aliniachia mimi.

"Leo mguu unaniuma, Chiriku," nikasema.

"Upi?"

"Yote miwili."

"Kesho?"

"Na kesho utauma. Nenda na mama."

Alinitazama kidogo, akimtazama mzee anayeumwa miguu yote miwili, halafu akatafuta viatu vyake. Binti yangu aliweka birika chini, akachukua mtandio. Alipopita nyuma ya kiti changu aliniwekea mkono begani, akaubonyeza mara moja, akatoka.

Nilibaki nikisikiliza. Ngazi zile ni kumi na nane, na sauti ya Chiriku ilinifikia mpaka ya chini kabisa. Alikuwa anamwambia mama yake wakifika barabarani amshike mkono vizuri, asiogope, yeye anajua jinsi ya kutazama kulia.